Maswali ya Wasomaji: Jumamosi za Mwanafunzi Ujerumani

Katika toleo hili tunajibu barua tatu zinazogusa jambo moja: mwanafunzi aliyeko Ujerumani afanye nini na siku zake za mapumziko, katika nchi ambayo hata mji mdogo una makumbusho yake. Barua zimefupishwa na majina yamehifadhiwa kwa ombi la waandishi wenyewe.

*Shikamoo Mwalimu. Mimi ni binti wa Morogoro, ninasoma shahada ya uzamili katika mji wa Leipzig. Kila Ijumaa jioni wenzangu huondoka kwenda Paris, Prague au Amsterdam, na hurudi Jumapili usiku wakiwa hoi, simu zimejaa picha. Fedha zangu hazifiki huko, na baba hanipigii simu bila kunikumbusha kwamba nilikuja kusoma, sikuja kutembea. Hata hivyo, kushinda bwenini Jumamosi na Jumapili kumenichosha, na nimeambiwa kwamba tiketi niliyoilipia pamoja na mchango wa muhula inaniruhusu kupanda treni nchi nzima. Nimekwisha kuingia katika majumba mawili ya makumbusho. Nilizunguka vyumba vyote, nikatoka miguu inauma, na leo sikumbuki nilichokiona. Nianzie wapi, na mtu huingiaje makumbusho hata atoke na kitu?*

Marahaba, binti yangu. Nianze na tiketi, kwa kuwa ndiyo itakayoweka mipaka ya safari zako. Tiketi ya nchi nzima, wanayoiita Deutschlandticket, ilianza Mei 2023 kwa euro 49 kwa mwezi, na bei yake imekuwa ikipanda tangu hapo. Wanafunzi wa vyuo vilivyojiunga na mpango huo huipata kwa asilimia 60 ya bei ya kawaida. Kwa tiketi hiyo unapanda tramu, mabasi, treni za mjini na treni za mikoa zenye herufi RB na RE, ila hupandi treni za masafa marefu zenye herufi ICE, IC na EC. Zoea kuzisoma herufi hizo kwenye ubao wa stesheni kabla hujapanda, maana mkaguzi hana mazoea ya kusikiliza kwamba abiria ni mgeni, na faini ya kusafiri bila tiketi halali katika treni za mikoa ni euro 60.

Treni za mikoa huenda polepole na husimama kila kituo, na kwa sababu hiyo wengi huzidharau. Kutoka Leipzig hadi Berlin, treni ya masafa marefu hutumia saa moja na robo hivi. Wewe utatumia karibu saa tatu, ukibadilisha treni njiani. Kwa hiyo Berlin usiifanye safari ya kwenda na kurudi siku moja. Ipangie mwisho wa wiki ambao una mahali pa kulala, hata likiwa godoro la sakafuni kwa Mtanzania mwenzako. Lakini Halle iko kiasi cha nusu saa tu kutoka Leipzig, Wittenberg ni mwendo wa saa moja na kitu, na Weimar na Dresden kila mmoja ni saa moja na nusu hivi. Ningekuwa wewe, muhula mzima wa kwanza nisingetoka nje ya eneo hilo, na kila Jumamosi ningeondoka na swali moja badala ya orodha ya majengo.

Swali lenyewe si lazima liwe la kitaalamu. Chukua Halle. Wageni wengi huenda huko kwa sababu ya mtunzi wa muziki Händel, aliyezaliwa hapo mwaka 1685, na nyumba yake ni makumbusho. Wewe nenda ukiuliza: Mwafrika wa kwanza kufundisha katika vyuo vikuu vya Ujerumani aliishije hapa? Aliitwa Anton Wilhelm Amo. Alizaliwa mwanzoni mwa karne ya 18 karibu na Axim, katika nchi ambayo leo ni Ghana, akaletwa Ulaya angali mtoto mdogo na kukabidhiwa kwa mtawala wa Wolfenbüttel kama anayekabidhiwa zawadi. Mwaka 1727 aliandikishwa katika Chuo Kikuu cha Halle, na mwaka 1729 alitetea hoja yake kuhusu haki za watu weusi katika Ulaya, hoja ambayo maandishi yake hayajapatikana hadi leo. Baadaye alikwenda Wittenberg, akatoa tasnifu ya falsafa mwaka 1734, akarudi kufundisha Halle na kisha Jena, na hatimaye akarejea pwani ya Guinea kumalizia maisha yake huko.

Karibu na chuo kikuu utaiona sanamu ya shaba ya mwanamume na mwanamke wa Kiafrika, iliyosimamishwa mwaka 1965 wakati Halle ikiwa chini ya serikali ya kikomunisti, na karibu yake kuna kibao kinachomtaja Amo. Itazame kwa makini. Watu hao wawili hawana majina, na yule mwanamume hakuchongwa awe Amo mwenyewe. Mji ulitaka kumkumbuka msomi mmoja aliyeandika kwa Kilatini, ukaishia kusimamisha Afrika nzima. Mimi naona jambo hilo linafundisha zaidi ya kitabu kizima juu ya namna watu wa huku walivyotufikiria, hata pale walipotutakia mema.

Ukitoka hapo, panda tramu uende kwenye Makumbusho ya Historia ya Kale, ambako kumewekwa kisahani cha Nebra. Usiharakishe kufika kwenye chumba chake, kwa sababu ni cheusi na macho yanahitaji muda kuzoea. Ndani ya kabati la kioo utaona bamba la shaba nyeusi lililopata rangi ya kijani, upana wake sentimita 32 hivi, likiwa limepambwa kwa dhahabu: mwezi mwandamo, duara kubwa ambalo huenda ni jua au mwezi mpevu, na vidoti vidogo vingi vya nyota. Lilizikwa yapata miaka 3,600 iliyopita. Wachimbaji haramu wa hazina walilifukua mwaka 1999 na kuliuza kwa magendo, hadi polisi walipolinasa Basel mwaka 2002. Katikati ya vidoti hivyo vimo saba vilivyosogeleana, na wataalamu wengi wanasema hizo ni nyota za Kilimia, zilizowekwa hapo ili mkulima ajue msimu unapoanza na unapokwisha. Wazee wetu wa pwani walizitazama nyota hizo hizo wakisema kwamba Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Ukisimama mbele ya kioo kile na msemo huo kichwani, utaona mambo ambayo mgeni mwenye kifaa cha maelezo sikioni huenda asiyaone.

Hapo ndipo ninapofika kwenye sehemu ya pili ya swali lako. Anayeingia makumbusho bila swali ni kama mtu anayekwenda sokoni bila kujua anapika nini: hurudi na kapu zito na chakula hakuna. Ukifika, weka begi lako kwenye kabati la mizigo, ambalo mara nyingi hutaka sarafu ya euro moja au mbili utakayorudishiwa, kisha chukua ramani na uchague vyumba viwili, basi. Katika kila chumba tafuta kitu kimoja na ukikalie. Soma kibao chake cha maelezo mara mbili. Mara ya kwanza soma ujue ni kitu gani. Mara ya pili tafuta kilifikaje pale, nani alikitoa, mwaka gani na kwa njia gani. Kibao kikisema tu kwamba kitu fulani «kilipatikana» mwaka 1902, huku kikinyamaza kuhusu aliyekipata na aliyenyang'anywa, ukimya huo nao ni habari, uuandike daftarini. Saa moja na nusu inatosha. Zaidi ya hapo macho yanatazama na akili imekwisha kwenda nyumbani.

Katika Leipzig penyewe una kazi ya miezi kadhaa bila kupanda treni. Jengo la Grassi lina majumba matatu ya makumbusho: la sanaa za mikono, la tamaduni za mataifa, na la ala za muziki, ambalo ni mali ya chuo kikuu na lina mojawapo ya piano chache sana zilizobaki za Cristofori, fundi aliyebuni chombo hicho. Lile la tamaduni ndilo litakalokugusa zaidi. Hans Meyer, aliyefika kilele cha Kibo tarehe 6 Oktoba 1889 pamoja na Ludwig Purtscheller, alikuwa mchapishaji wa mji huo unaoishi sasa. Alikibandika kilele jina la mfalme wake, akachukua jiwe la juu kabisa, akarudi nalo Ujerumani. Nusu ya jiwe hilo alimpa mfalme, nalo likawekwa katika ukumbi uliopambwa kwa makombe na madini ndani ya jumba la Neues Palais, Potsdam. Nusu nyingine alibaki nayo mwenyewe. Mwaka 2022 kikundi cha wasanii kilileta kisa hicho ndani ya jumba la Grassi na kuanzisha mchango wa fedha za kuinunua nusu ile kutoka kwa mfanyabiashara wa vitu vya kale, ili irudishwe Tanzania. Vitabu vingi vya safari ile vinawataja Wazungu wawili. Marangu wanamtaja Mzee Yohani Kinyala Lauwo kuwa ndiye aliyewaonyesha njia. Nenda Grassi ukaone ni majina ya nani yamo ukutani na ya nani hayamo.

Jumamosi nyingine nenda Runde Ecke, jengo lenye kona ya mviringo lililokuwa ofisi ya polisi wa siri wa Ujerumani Mashariki katika Leipzig. Ofisi zimeachwa na sura yake ya zamani. Humo utaona mashine za kufungua barua za watu kwa mvuke, ndevu bandia za majasusi, na chupa za kioo zenye vipande vya kitambaa, kila kimoja kikiwa kimehifadhi harufu ya mtu aliyeshukiwa ili mbwa waweze kumfuatilia siku ikihitajika. Kutoka hapo tembea kwa miguu hadi Kanisa la Mtakatifu Nikolai, mahali ambapo mikutano ya maombi ya Jumatatu ilizaa maandamano ya tarehe 9 Oktoba 1989, watu wapatao 70,000 wakazunguka barabara ya katikati ya mji na askari wasifyatue risasi. Mwezi uliofuata ukuta wa Berlin ukafunguliwa. Mambo hayo mawili, chupa ya harufu na kanisa, yaone kwa siku moja na kwa utaratibu huo.

Weimar nitaipitia kwa ufupi, isipokuwa kwa onyo moja. Mji ni mzuri, una nyumba ya mshairi Goethe na makumbusho ya Bauhaus, shule ya usanifu iliyoanzia hapo mwaka 1919. Lakini kilomita chache juu ya kilima cha Ettersberg ipo kambi ya Buchenwald, ambako kati ya 1937 na 1945 walifungwa watu wapatao 280,000 na kufa zaidi ya 50,000. Basi namba 6 hukupeleka hadi getini na hakuna kiingilio. Saa ya mnara wa geti imesimamishwa kwenye saa tisa na robo alasiri, wakati kambi ilipokombolewa tarehe 11 Aprili 1945. Usiunganishe Buchenwald na nyumba ya Goethe katika alasiri moja, na usiende na kundi la watu wanaotaka kupiga picha na kucheka. Ipe siku yake.

Kuhusu baba yako, usibishane naye. Mwambie kwamba nauli imekwisha kulipwa ndani ya mchango wa muhula, kwamba kwa kitambulisho cha mwanafunzi kiingilio hupungua, mara nyingi hadi nusu, na kwamba chakula unabeba kutoka nyumbani. Kisha, badala ya kumtumia picha yako mbele ya jengo, msimulie habari za Amo. Mzazi wa Morogoro aliyesomesha watoto kwa shida ataisikiliza habari ya mtoto aliyeletwa ugenini pasipo hiari yake akaishia kuwa mwalimu wa chuo kikuu. Naye akiendelea kusema, mkumbushe kwamba mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota.

*Salaam Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mzaliwa wa Lindi na nimeanza masomo Berlin. Rafiki zangu wa Kijerumani wananihimiza nikamwone mjusi wa Tendaguru, yaani mifupa ya dinosaria iliyochimbwa kwetu, katika makumbusho yao. Kwetu tangu utotoni tumesikia habari zake, na wazee husema aliibwa. Je, ni halali nilipe kiingilio kutazama mali ya kwetu? Na zaidi ya mjusi, kuna nini Berlin kinachotuhusu?*

Marahaba, mwanangu. Swali lako lina uchungu ndani yake, nami sitaki kuuondoa. Suala la mjusi limewahi kuulizwa hata katika Bunge letu, na kila linapoulizwa majibu huwa juu ya gharama za usafirishaji, utaalamu wa kuhifadhi na mapato ya utalii, wakati kinachoumiza watu wa Lindi ni kwamba jina la mahali pao linajulikana Berlin kuliko barabara inayofika huko.

Hata hivyo nakushauri uende, tena uende ukiwa umejiandaa. Uchimbaji wa Tendaguru ulifanyika kati ya 1909 na 1913, ukiongozwa kwanza na Werner Janensch na Edwin Hennig, katika eneo ambalo vita vya Majimaji na njaa iliyofuata vilikuwa vimeliacha hoi miaka michache tu kabla. Mamia ya vibarua wenyeji walichimba, wakasafisha na kufunga mifupa, na wapagazi wakaibeba kichwani na mabegani kwa mwendo wa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi. Uzito wa jumla uliosafirishwa ulizidi tani 200. Msimamizi wao mkuu aliitwa Boheti bin Amrani, na yeye na wenzake walijifunza kazi ya kutambua na kuhifadhi visukuku kwa ustadi ambao Wajerumani wenyewe waliukiri. Jina hilo ndilo utakalokwenda nalo.

Ukiingia katika ukumbi mkuu wa Museum für Naturkunde, makumbusho ya elimu ya viumbe na asili, utajikuta unainua uso kabla hujaamua kuuinua. Mnyama yule, Giraffatitan, ana urefu wa mita 13.27 kwenda juu, na ndiye kiunzi cha dinosaria kirefu kuliko vyote vilivyosimamishwa duniani. Alisimamishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1937 na kupangwa upya mwaka 2007, miguu ikanyooshwa kulingana na utafiti mpya. Simama karibu na mguu wa mbele, ulinganishe mfupa wa bega na kimo chako. Ujue pia kwamba unayemwona si mnyama mmoja: mifupa imekusanywa kutoka kwa zaidi ya mmoja, na pingili nyingi za uti wa mgongo ni za kuigiza, kwa sababu zile halisi ni nzito mno na zinavunjika kwa urahisi kuning'inizwa juu. Kisha soma vibao, uhesabu ni mara ngapi vinataja vibarua na ni mara ngapi vinataja maprofesa. Kiingilio chako cha mwanafunzi kinakupa haki ya kumwandikia mkurugenzi maoni yako kwa Kijerumani sanifu, na barua ya mtu wa Lindi ni vigumu kuiweka kapuni.

Kuhusu mengine ya Berlin, nakuomba usiyatafute makumbusho peke yake. Katika Brunnenstraße, mbele ya nyumba namba 193, kuna jiwe dogo lenye bamba la shaba lililopachikwa kwenye njia ya waenda kwa miguu, kwa kumbukumbu ya Bayume Mohamed Husen. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, akatumika jeshini pamoja na baba yake katika Vita Kuu ya Kwanza akiwa mtoto, akaja Berlin mwaka 1929 kudai mishahara ambayo serikali ya Ujerumani ilikuwa inadaiwa. Alibaki, akafanya kazi ya kuhudumia mezani, akaigiza katika filamu na kufundisha Kiswahili chuoni. Watawala wa Nazi walimkamata mwaka 1941, na alikufa katika kambi ya Sachsenhausen tarehe 24 Novemba 1944. Kambi hiyo iko Oranienburg, mwisho wa treni ya mjini ya S1, na kuingia ni bure. Utalazimika kuinama ili usome bamba lile, kwa sababu ni dogo kama kiganja na limelala chini usawa wa viatu vya watu.

Siku nyingine panda treni ya chini ya ardhi ya U6 hadi mtaa wa Wedding, katika kile wanachokiita Mtaa wa Kiafrika. Utapita Sansibarstraße, Tangastraße na Usambarastraße, majina yaliyotolewa kwa kujivunia makoloni. Barabara moja humo ilikuwa na jina la Carl Peters, yule aliyesaini mikataba ya ulaghai Usagara. Baada ya ubishi wa miaka mingi, Agosti 2024 ilivunjwa katika sehemu mbili zenye majina mapya, na moja kati ya hizo inaitwa Maji-Maji-Allee. Hakuna kiingilio na hakuna saa ya kufunga, na kwa maoni yangu ndiyo makumbusho yanayotuhusu zaidi kuliko yote ya mji huo.

Kuna jambo ambalo hutaliona kwenye kabati lolote, nalo ni mabaki ya watu. Baada ya Majimaji na vita vya Wahehe, mafuvu yalichukuliwa kwa wingi. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 ulikitaja kwa jina kichwa cha Mkwawa, na fuvu lilirudishwa mwaka 1954 kutoka Bremen, likawekwa Kalenga. Mwaka 2023 taasisi inayosimamia makumbusho ya taifa ya Berlin ilitangaza matokeo ya uchunguzi wa mafuvu 1,135 kutoka Afrika Mashariki, na vipimo vya vinasaba vikawakuta ndugu walio hai nchini kwetu. Mwezi Novemba mwaka huo huo Rais Steinmeier wa Ujerumani alisimama Songea, mbele ya kaburi la mashujaa walionyongwa mwaka 1906, akaomba radhi. Ukiingia Humboldt Forum, jengo lenye mikusanyo ya tamaduni za mataifa, ingia ukijua kwamba ghala lina mengi kuliko kabati.

Tahadhari ndogo: ukiona ushauri mtandaoni kwamba Jumapili ya kwanza ya kila mwezi makumbusho ya Berlin huwa bure, ni habari ya zamani; mpango huo ulikatwa mwishoni mwa 2024 kwa ukosefu wa fedha. Na Makumbusho ya Pergamon yamefungwa tangu Oktoba 2023 kwa matengenezo marefu, kwa hiyo usimpeleke mgeni hadi mlangoni.

*Mwalimu, salaam. Mimi ni mama wa Mwanza. Binti yangu anaanza masomo Dresden mwezi wa kumi, na tayari ananiambia kwamba Prague ni karibu na kwamba atakuwa akienda huko Jumamosi. Je, anaruhusiwa kuvuka mpaka? Na ni mambo gani ya kumwonya?*

Salaam, dada yangu. Anaruhusiwa. Akishapata kibali cha kuishi Ujerumani anaweza kutembelea nchi nyingine za eneo la Schengen, Jamhuri ya Czech ikiwemo, kwa muda usiozidi siku 90 katika kila siku 180. Lakini awe na pasipoti halisi pamoja na kadi ya kibali, kwa sababu tangu Septemba 2024 Ujerumani imerudisha ukaguzi katika mipaka yake yote ya nchi kavu, na polisi huingia ndani ya treni wakati wa kurudi. Picha ya pasipoti kwenye simu haitamsaidia. Kabla hajapata kadi, akiwa bado na viza tu, asome maandishi ya viza yake kwanza au aulize ofisi ya wanafunzi wa kigeni chuoni. Tena ajue kwamba tiketi yake ya muhula ni ya Ujerumani, kwa hiyo nauli ya upande wa pili ailipie.

Ila ningemshauri asiikimbie Dresden kabla hajaijua. Kanisa la Frauenkirche lilibomoka baada ya mabomu ya Februari 1945, likabaki rundo la mawe kwa miaka karibu hamsini, likajengwa upya na kuwekwa wakfu mwaka 2005. Mawe meusi unayoyaona ukutani ni yale ya zamani yaliyookolewa katika kifusi. Katika jumba la Zwinger imo picha ya Bikira Maria iliyochorwa na Raphael ambayo malaika wake wawili wa chini wanauzwa kwenye vikombe duniani kote. Hazina za wafalme ziko Grünes Gewölbe, ambako wezi waliiba vito mwaka 2019. Sehemu ya kihistoria ya jumba hilo huingiwa kwa tiketi yenye saa maalumu, kwa hiyo akate mapema.

Mambo ya kumwonya ni ya kawaida. Makumbusho mengi hufungwa Jumatatu, ingawa baadhi hufunga siku nyingine, basi aangalie saa kabla hajaondoka. Maduka hufungwa Jumapili karibu yote, isipokuwa yale ya stesheni kubwa, hivyo anunue chakula Jumamosi. Kuanzia Novemba giza huingia saa kumi na moja kasoro, na treni za mikoa za usiku huwa chache; kabla ya kutoka nyumbani ajue treni ya mwisho ya kurudi ni ya saa ngapi, na ile inayoitangulia pia, kwa kuwa ya mwisho ikifutwa hakuna nyingine hadi alfajiri.